Marehemu wa Sikonge Anamuaga Mama Veneranda

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Umoja wetu wa Vituo vya Afya vya Njia ya Kale; Mheshimiwa Mganga Mkuu wa Umoja; Baba Paroko na Mchungaji, ambao leo mmekaa meza moja na kugawana soda bila ugomvi; Matroni Advera na ujumbe wote wa Sikonge; ndugu zetu mliotoka Ulyankulu na Ziba; wafanyakazi wenzangu wa hapa makao makuu Itetemia; Mama yetu Veneranda, ambaye ndiye tunayemuaga; ndugu wageni waalikwa; na mwisho kabisa watani zangu Wanyamwezi, ambao mila hainiruhusu kuwaita waheshimiwa. Itifaki imezingatiwa, na kama kuna niliyemruka, ajue nimemruka makusudi.

Naitwa Zablon Mhando. Ni mtaalamu wa maabara katika kituo chetu cha Sikonge. Kwetu ni Handeni, Mzigua kwa baba na kwa mama, na kwa wale mnaonisikia tu bila kuniona uso, mimi ndiye yule marehemu.

Kabla sijaendelea, namwona mama mmoja kule nyuma anainuka ili atoke nje na mtoto anayelia. Mama, tafadhali kaa. Mtoto huyo yuko kwenye ratiba. Mshereheshaji hakuambiwa, lakini yuko.

Ndugu wageni waalikwa, nimeombwa niseme neno juu ya mchango wa Mama Veneranda, mkuu wetu wa kitengo cha tehama anayestaafu leo. Nimeombwa pia niseme kwa ufupi. Ombi la pili limetoka kwa Masolwa, afisa utumishi wetu, ambaye ni mtani wangu, na kwa sababu hiyo sina wajibu wa kulitekeleza.

Wengi wetu kila asubuhi tunakaa mbele ya kompyuta, tunaandika jina na nenosiri, mlango unafunguka, nasi tunadhani tumeufungua wenyewe. Sivyo. Kuna mashine inaitwa seva ya saraka, na kazi yake ni moja tu, kujua nani ni nani. Inajua kwamba Advera ni matroni. Inajua kwamba fundi umeme haruhusiwi kumwandikia mtu dawa. Inajua kwamba Zablon anaweza kufungua jokofu la damu na kwamba Masolwa hawezi, hata akibembeleza. Ukiandikwa mle, upo. Usipoandikwa, unaweza kusimama mlangoni na koti lako jeupe, watu wote wakakuita kwa jina, na mashine ikakutazama kama mpita njia.

Zamani seva hiyo ilikuwa moja, hapa Itetemia. Mvua ikinyesha njiani, laini ikikatika, sisi wa Sikonge tulikuwa hatujulikani. Tumefanya kazi pamoja miaka, tumezikana, tumeozana, lakini mashine ikituuliza ninyi ni akina nani, jibu lilikuwa Itetemia, na Itetemia ilikuwa ng'ambo ya mvua. Daktari alikuwa anaandika dawa kwenye kiganja cha mkono. Tulizoea, kama watu wanavyozoea jambo lolote ambalo halijampata mkubwa yeyote yeye mwenyewe.

Mama Veneranda hakuzoea. Alikwenda mbele ya Bodi na kusema kuna njia tatu, wachague. Njia ya kwanza ni kuacha kama ilivyo: seva moja, na wengine wote waulize kwake. Njia ya pili ni kila kituo kiwe na nakala ya kusoma, kijue watu wake hata laini ikikatika, ila kisiweze kuandika jina jipya wala kubadili la zamani mpaka Itetemia ipatikane. Njia ya tatu ni seva nne, Itetemia, Sikonge, Ulyankulu na Ziba, zote kuu, zote zenye kalamu, kila moja ikiandika na kuwapasha habari wenzake.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ulikuwapo, na ulisema jambo ambalo nalikumbuka kwa heshima. Ulisema Tabora hii imejengwa na misafara, na msafara ulikuwa na kirangozi mmoja aliyetangulia mbele, na haijapata kusikika kwamba wapagazi wote walikuwa virangozi. Ukumbi ulipiga makofi. Mama Veneranda naye alipiga makofi, nilimwona. Kisha akauliza, "Mheshimiwa, na kirangozi akivunjika mguu porini, waliofika kambini walikuwa wanaruhusiwa kupika?"

Ulikunywa maji, Mheshimiwa. Ukasema hoja ipelekwe kwenye kamati. Kamati iliirudisha ikiwa imekubaliwa, na kwa hilo tunakushukuru, maana mwenyekiti mwingine angeipeleka kamati ambayo haikutani.

Lakini naomba nimtendee haki Mama huyu. Hakutuuzia mbuzi ndani ya gunia. Alisema wazi kwamba watu wanne wakipewa kalamu, iko siku wawili wataandika mambo tofauti juu ya mtu mmoja, tena kila mmoja kwa nia njema, na ni lazima tukubaliane mapema neno la nani litashika. Utaratibu aliouweka ni kwamba neno la mwisho ndilo linaloshika. Aliyeandika baadaye ndiye anayejua zaidi. Kwa hiyo, akasema, seva hizi nne zinaweza kutofautiana kwa mengi, lakini kuna jambo moja zisipokubaliana tumekwisha, nalo ni saa ngapi sasa hivi.

Wajumbe walicheka. Nani asiyejua saa?

Alizipanga kwa subira ya mtu anayepanga vyombo vya harusi. Kila seva akaipa namba yake, ili neno likifika ijulikane limetoka kwa nani. Akaamua nani azungumze na nani, na hakukubali habari zote zipitie Itetemia. Sikonge na Ulyankulu akawafungia mkataba wao wa moja kwa moja, ili makao makuu yakizimika wao wawili waendelee kusalimiana. Katika kila kituo akamfundisha mtu mmoja anayeaminika na kumkabidhi ufunguo. Kwetu alikuwa Advera. Na akatueleza kwamba anayefutwa hafutwi hivi hivi. Mashine humwekea alama, na wenyewe wa kazi hiyo wanaiita jiwe la kaburi, ili seva iliyokuwa imelala ikiamka isije ikamrudisha mtu aliyekwisha kuondolewa. Nilimsikiliza kwa makini. Sikujua kwamba la kwanza kuchongwa litakuwa langu.

Sasa naomba niwaeleze kifo changu.

Ilikuwa masika ya mwaka juzi. Radi ilipiga Sikonge usiku, umeme ukaenda, laini ikaenda, simu yangu ikaisha chaji. Asubuhi umeme ulirudi na fundi wetu akaiwasha seva. Kumbe radi ilikuwa imeipotezea saa, na kwa kuwa laini haikuwapo haikuwa na wa kumuuliza, ikamuuliza fundi. Fundi hakuvaa saa. Alichungulia dirishani, akamuuliza mhudumu aliyekuwa anaanika mashuka, na mhudumu akamjibu, kwa ukweli kamili, kwamba ni saa nne na dakika kumi. Fundi akaandika nne, akaandika kumi, akabonyeza, akaenda kunywa chai.

Ndugu zangu, wako mnaocheka. Nawauliza, ninyi mngeandika nini? Tangu mtu azaliwe anaambiwa jua likipanda kiasi kile ni saa nne. Mashine peke yake ndiyo inayodai kwamba ni saa kumi, na saa kumi kila mtu anajua ni wakati wa kufungua ng'ombe wakanywe maji. Fundi hakukosea saa. Alikosea msikilizaji. Kuanzia hapo seva ya Sikonge ilikuwa inaishi alfajiri, nyuma ya wenzake kwa nusu ya mchana mzima, na haikuwa na habari.

Huku Itetemia, mtani wangu Masolwa alikuwa ananitafuta kwa ajili ya taarifa ya mwezi. Simu haiiti. Sasa, kwa wageni wetu ambao hawana watani, naomba nifafanue. Mababu zake Masolwa walipita kwetu Uzigua na mizigo kichwani wakielekea pwani, na mababu zangu, kwa ukarimu, waliwaelekeza njia ndefu. Tangu hapo tunatukanana. Mtani akikosekana, huulizi yuko wapi, unatangaza msiba. Ni heshima, na mimi nimeshamzika Masolwa mara nyingi. Kwa hiyo Masolwa aliingia kwenye kundi la simu la wafanyakazi na kuandika hivi, nami ninayo hadi leo: "Kwa masikitiko nawatangazia kifo cha Mzigua wetu Zablon, kilichotokea Sikonge baada ya kuona kazi. Mazishi yatafanyika akipatikana."

Watu wakacheka. Wakaweka vile vikaragosi vya kulia. Wakaandika raha ya milele umpe ee Bwana, na Mchungaji, uliyeko hapa, uliandika amina.

Mtu mmoja hakucheka. Alikuwa binti mgeni katika ofisi ya utumishi hapa Itetemia, ameripoti juma lile, anaitwa Ange Ndayisenga. Kwao ni Ulyankulu, katika zile familia zilizotoka Burundi, na kwao kifo kikitangazwa watu huweka majembe chini. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba Mzigua na Mnyamwezi huzikana wakiwa hai. Aliona tangazo la mkuu wake wa idara, aliona wakubwa wote wanatuma rambirambi, aliona kiongozi wa dini ameitikia. Akasema kwa Kirundi "Mana yanje," yaani Mungu wangu, akakumbuka mafunzo, kwamba mfanyakazi mwenye funguo za damu na dawa akifariki anaondolewa kwenye saraka saa ile ile, ili funguo zake zisibaki mikononi mwa mtu mwingine. Akakaa kwenye kompyuta, ikiwa saa tano asubuhi, akanifuta. Alikuwa hajapata kuniona. Wenzake wanasema alinifuta huku machozi yanamdondoka kwenye kibodi, wakadhani ana mafua.

Mchana, mnamo saa saba, laini ya Sikonge ikarudi, na habari za kwanza kuletwa zilikuwa za kifo changu.

Mimi nilikuwa maabara. Chumba cha kujifungulia kulikuwa na mama anaitwa Recheli, mke wa mfuga nyuki wa kule porini. Mume wake alimleta kwa baiskeli, akatembea akiisukuma, yeye amekaa juu ameshikilia tandiko. Mtoto alitoka salama. Damu ya mama haikukoma. Advera alinipigia kelele kutoka korido, "Zablon, damu! Mbili, haraka!" Nikakimbia kwenye jokofu, nikaandika jina langu na nenosiri. Jokofu likaniambia mtumiaji huyu hayupo.

Nikaandika tena, polepole. Hayupo. Mwenzangu pekee mwenye ruhusa alikuwa likizo kwao Ziba. Mheshimiwa Mwenyekiti, nimewahi kudharauliwa na watu, na nimewahi kudharauliwa na ng'ombe, lakini sijapata kudharauliwa na jokofu huku naona kupitia kioo kile ninachokitafuta.

Advera alikuja, akanitazama, akaenda moja kwa moja kwenye seva na ufunguo wake. Na hapa naomba mnisikilize, kwa sababu kama Sikonge ingekuwa na nakala ya kusoma tu, hapa ndipo hotuba yangu ingekwisha, na mama yule angekwisha. Advera aliweza kuandika. Akaniandika. Nikarudi jokofuni, nikaanza kuingiza jina, na kabla sijamaliza kuvaa glavu nikafa tena. Akaniandika mara ya pili. Nikafa mara ya pili. Kwa maana Itetemia ilikuwa inasema mtu huyu amefariki saa tano, na Sikonge, kwa saa yake ya alfajiri, ilikuwa inasema mtu huyu ameandikwa saa moja asubuhi. Mtu aliyekuwa hai saa moja na akafa saa tano, ndugu wageni waalikwa, ni marehemu. Mashine haikuonea mtu. Ilifuata kanuni tuliyoipitisha sisi wenyewe.

Fundi alifika na mtaimbo. Alisema mnipishe. Tulikuwa tumeshampisha, ila Advera akasema ukivunja mlango ule tunapata damu ya mama huyu na tunaharibu ya wote watakaokuja baada yake, maana jokofu halitafunga tena. Akaniambia mpigie Mama Veneranda, na simu ikichelewa kupokelewa, mtaimbo uendelee. Nikachukua simu ya muuguzi.

Akapokea. Nikamweleza. Hakusema pole, hakusema subiri niangalie. Aliuliza, "Zablon, saa inasema ngapi?"

"Ya ukutani?"

"Ya seva."

Nikatazama. "Saba na dakika kumi na mbili, Mama."

"Asubuhi?"

"Ndivyo inavyosema."

"Na jua liko wapi huko kwenu?"

"Utosini, Mama."

Kisha akasema, "Nipe Advera." Na Advera akaweka sauti kubwa, nikasikia kwa masikio yangu mkuu wa tehama wa makao makuu akikiagiza kituo cha wilayani kiyaasi makao makuu. "Dada Advera, kata mkataba na Itetemia. Ukishakata, kata na Ulyankulu, maana wao nao wameshapata habari za msiba. Msisikilize mtu. Mwandike Zablon."

Advera akauliza, "Tutakuwa peke yetu?"

"Mtakuwa peke yenu," akasema. "Ndiyo maana niliwapa kalamu."

Advera akakata mikataba yote miwili. Akaniandika. Nikaandika jina na nenosiri, jokofu likafunguka kama kwamba halijawahi kunikosea. Damu ikaenda. Fundi alibaki amesimama na mtaimbo wake, akaulizwa kama anaweza kushika miguu ya kitanda, akashika.

Recheli aliishi.

Baadaye tuliirekebisha saa kwa maelekezo ya simu, Advera akaniandika upya kwa wakati wa kweli wa mchana, mikataba ikafungwa tena, na habari ikaenda Ulyankulu na Itetemia kwamba Zablon yupo. Neno la mwisho likashika. Ziba ndiyo iliyochelewa, kwa sababu seva yao ilipokea kifo changu kisha ikazimika kabla ya kupokea kufufuka, na wenzetu wale, kwa wema wao, wakatuma watu wawili Itetemia na mchele wa matanga. Walinikuta nimekaa kwenye benchi. Mchele ulipikwa vilevile, maana ulikuwa umeshafika, na aliyekula sahani nyingi kuliko wote ni Masolwa.

Siku hiyo ya mchele nilikuwa Itetemia kwa sababu niliitwa kuthibitisha kwamba niko hai. Nikiwa koridoni, binti mmoja alitoka na mafaili, akaniona, akasoma jina kwenye koti langu. Mafaili yakaanguka. Akasema kwa sauti ndogo sana, "Shikamoo baba." Nikamjibu, "Marahaba mwanangu." Marehemu haitikii shikamoo, kwa hiyo aliridhika kwamba niko hai, akakaa chini palepale sakafuni akalia kama mtoto. Nikaokota mafaili.

Mama Veneranda aliitwa na Bodi kujieleza. Hakumtaja Ange, hakumtaja fundi, na hakumtaja Masolwa, ingawa hilo la mwisho mimi naliona ni udhaifu. Alisema kanuni ilikuwa yake na pengo lilikuwa lake. Akaziba. Leo hii hakuna anayefutwa kwa tangazo. Anasimamishwa kwanza, na ndugu zake wanapigiwa simu, na ikiwezekana yeye mwenyewe anapigiwa. Leo kwenye kila seva kuna karatasi imebandikwa imeandikwa "Jua liko wapi?", na anayerekebisha saa ni lazima atoke nje akatazame, kisha arudi na mtu wa pili. Mtaimbo umo kwenye mpango wa dharura wa Sikonge, ukurasa wa mwisho, umetundikwa ukutani na una mtu wa kuutunza. Na utani wa msiba umepigwa marufuku kwenye kundi la kazi. Masolwa sasa hunizika kwa mdomo tu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nafika pale ambapo mshereheshaji anaanza kukohoa.

Kesho Bodi inakutana. Sisi wa vituoni tunajua kilichomo kwenye ajenda, kwa sababu vituoni hakuna siri. Kuna pendekezo kwamba, kwa kuwa Mama Veneranda anaondoka, na kwa kuwa mfumo wa kalamu nne uliwahi kumuua mtaalamu wa maabara, basi turudi kwenye seva moja hapa Itetemia, iwe na mkono mmoja, kwa usalama. Na kuna shaka juu ya aliyependekezwa kushika nafasi yake. Mama huyu alimchukua Ange kutoka utumishi baada ya tukio lile, akamsomesha, akatembea naye vituo vyote, na sasa anasema huyu ndiye. Na wajumbe wanauliza, kwa haki kabisa, inakuwaje tumkabidhi funguo zote binti yule yule aliyefuta mtu hai?

Mimi ndiye mtu hai mwenyewe. Nadhani nina haki ya kujibu.

Kuhusu seva moja: siku ile, Mheshimiwa, Itetemia ilikosea. Haikukosea kwa ubaya, ilikosea kwa kuwa mbali. Sikonge nayo ilikosea, saa yake ilikuwa ya alfajiri. Lakini Sikonge ilikuwa inamwona mgonjwa. Mngekuwa na seva moja, kosa la Itetemia lingekuwa ndilo neno la kwanza na la mwisho, na pale Sikonge tungebaki na mtaimbo. Nakuuliza kwa unyenyekevu, ungependa kuwa mgonjwa wa kituo kipi?

Kuna mtu ameniambia nilete ushahidi, maana Bodi haiamui kwa hadithi. Nimeuleta. Mama Recheli, sasa simama. Huyu ndugu zangu ndiye niliyemwambia asitoke nje. Amekuja kwa basi kutoka Sikonge tangu alfajiri, ile ya kweli. Na huyo anayelia tangu nianze kusema ndiye aliyezaliwa siku ile, akabaki na mama. Mheshimiwa, msimnyamazishe. Mkikaa kesho kwenye kile chumba kizuri chenye kiyoyozi, naomba muisikie sauti hiyo, kwa sababu huyo ndiye taarifa ya utekelezaji wa mradi.

Asante mama. Kaa, mpe maji.

Kuhusu Ange. Siku nilipofariki, watumishi wote wa Umoja huu walipata habari. Kuna waliocheka, na nawaelewa, mimi pia ningecheka. Kuna waliotuma vikaragosi. Kuna aliyeitikia amina akaendelea kunywa chai, simtaji. Katika Umoja mzima, kutoka Ziba mpaka Sikonge, aliyenililia alikuwa mmoja, na alikuwa hajapata kuniona.

Mimi nimekaa na mashine muda wa kutosha kujua kwamba kumfuta mtu ni kazi ya kidole kimoja. Jina linakuwa jepesi sana kwenye kioo. Mnaogopa kwamba huyu binti alifuta mtu hai. Mimi naogopa yule atakayekuja na vyeti vyake vyote, akafuta na kuandika, akaandika na kufuta, na asijue kwamba kila mstari una mtu anayengojewa nyumbani. Ange alilijua hilo juma lake la kwanza, kabla hajajua jambo lingine lolote. Saa inafundishika, na mikataba ya seva inafundishika, Mama Veneranda ameshaifundisha. Hilo lingine sijui linafundishwa wapi.

Ange, mwanangu, uko pale karibu na jenereta, usijifiche. Mimi uliyenifuta ndiye ninayekuombea kazi. Iko siku mimi nami nitakufa kweli, na hapo Masolwa hataaminiwa na mtu. Nipigie simu kwanza. Nisipopokea, piga nyumbani. Ukishathibitisha, toka nje utazame jua liko wapi, kisha nifute kama ulivyonifuta mara ya kwanza.

Mama Veneranda, ulitupa kalamu ukijua tutaandika vibaya, na tulipoandika vibaya hukutunyang'anya. Nakupenda, Mama, na nalisema mbele ya Paroko. Jina lako halitafutwa. Asubuhi hii, kabla hatujapanda gari, Advera ameandika Sikonge kwamba Veneranda ni mstaafu na bado ni wetu, na hapa tunapokaa nadhani Itetemia wameshapata habari.

Nawashukuru nyote kwa uvumilivu wenu, na ninyi watani zangu kwa kelele zenu. Ahsanteni kwa kumsikiliza marehemu. Naketi.